Kesi ya kwanza ya wizi wa supamaketi: usikimbilie kusema "ni kweli"

Habari za mchana jamani. Walio mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele. Nitaongea Kiswahili chetu cha kila siku, sheria zetu nyingi hapa Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu na watu wanaumia kwa sababu hiyo.

Mada ni ile mliyoomba, kijana ameshikwa supamaketi mara ya kwanza maishani, losheni kwenye mkoba au maziwa ya unga ndani ya koti, mzazi anapigiwa simu jioni roho inamruka, sasa afanye nini.

Tuanzie dukani. Askari wa mlangoni akikuona unaiba anaweza kukushika, raia yeyote anaweza, lakini sheria inamtaka akukabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kukufungia stoo masaa matatu, kukuzaba makofi, kukupiga picha umeshikilia losheni ili ubandikwe ukutani, kukuambia ulipe mara kumi ya bei, hayo hayamo kwenye sheria yoyote. Faini inatozwa na korti. Na ile karatasi ya "nakiri nimeiba" usiitie sahihi hata wakikuambia utaachiliwa, kwa sababu Sheria ya Ushahidi kifungu cha 25A kinataka kukiri kufanyike mbele ya jaji, hakimu, au polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si yeye anayechunguza kesi, na uwe na mtu wako uliyemchagua mwenyewe.

Kituoni toa jina lako la kweli, mengine nyamaza mpaka upate wakili, Katiba kifungu cha 49 kinakulinda. Hicho hicho kinasema ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, ukishikwa Ijumaa jioni basi siku ya korti inayofuata. Bondi ya polisi ni bure. Ukiweka dhamana ya pesa taslimu dai risiti na uitunze, maana pesa hiyo unarudishiwa kesi ikiisha.

Sasa hapa naomba mnisikilize sana. Shtaka linakuja limeandikwa kuiba, kifungu cha 268 kikisomwa pamoja na 275 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka mitatu. Karani anasoma mbio mbio, kijana hajalala, usiku kucha mahabusu wenzake wamemwambia wewe kiri tu utapigwa faini uende zako nyumbani, basi anasema "ni kweli". Kiongozi wa mashtaka anasoma maelezo ya kesi, anaulizwa tena, "ni kweli". Imekwisha hiyo, ametiwa hatiani, dakika mbili hazijafika. Na ukishakiri hivyo rufaa yako inabaki ya adhabu tu, kwamba imezidi au haiko kisheria, kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema hivyo waziwazi.

Na kuna wanaokiri wala hawakuiba! Inaniuma sana hii. Kuiba kisheria ni kuchukua kwa nia ya udanganyifu na bila haki. Mama ameingia na mtoto analia, sabuni ameiweka kwenye kigari cha mtoto, amelipa vitu vya elfu tatu, sabuni akaisahau, mlangoni akashikwa. Nia iko wapi hapo? Kortini anasema "ni kweli nilitoka nayo, ila nilisahau". Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri mwaka 1973, hakimu akisikia maneno kama hayo anatakiwa aandike kwamba mshtakiwa amekana, kesi isikizwe. Kwa hivyo hilo "ila nilisahau" liseme kwa sauti, usilimumunye. Na wakisema kamera ilikuona omba video uione, tena lazima walete na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha ile Sheria ya Ushahidi.

Haya, na kama kweli aliiba? Simwambii mtu adanganye korti. Kukana shtaka ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe, ni haki ya kila mtu, na inampa nafasi ya kuulizia njia nyingine kabla mambo hayajaharibika.

Ya kwanza, ofisi ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ina sera ya kuwaondoa watu kwenye mkondo wa korti, ni ya 2019, kosa dogo, mtu wa mara ya kwanza, akubali kosa lake kwa hiari, alipe au arudishe, aombe msamaha, pengine apelekwe ushauri nasaha, kesi isiendelee. Mwandikieni kiongozi wa mashtaka mapema, msingoje siku ya hukumu. Ya pili, mwenye duka akisharidhika anaweza kuiomba korti aondoe malalamiko chini ya kifungu cha 204 cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, na hakimu akikubali mshtakiwa anaachiliwa huru kabisa. Angalieni lakini, kesi ikiondolewa na kiongozi wa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo hiyo kabla hujaanza kujitetea, inaweza kurudishwa tena, kwa hivyo ulizeni ni kifungu gani kimetumika.

Kama umefika kwenye adhabu, omba ripoti ya probesheni. Afisa atakuja mtaani, ataongea na mzazi, chifu, majirani. Sheria ya Probesheni inamruhusu hakimu kukuweka chini ya uangalizi miezi 6 mpaka miaka 3, na anaweza kufanya hivyo hata bila kukutia hatiani, hili watu wengi hawalijui na wanaogopa kuliomba. Kuna pia kuachiliwa kwa kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, kwa sharti usifanye kosa kwa muda usiozidi mwaka mmoja au bila sharti lolote, na kuna huduma kwa jamii.

Ndiyo mama, uliza. Anauliza kuhusu cheti cha tabia njema, kijana wake anangojea kazi Qatar. Hapo ndipo faini ya haraka inapowaponza, mama. Faini unalipa leo unatoka, lakini umetiwa hatiani, na ukienda DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kutoa alama za vidole kwa ajili ya cheti rekodi inatokea. Wakili atangulize maneno haya kwa hakimu: bila kutiwa hatiani.

Wakili wa kulipa ukimkosa nenda Kituo cha Sheria, wako hapa Mombasa, wanasaidia wasiojiweza. Na kama hukumu imeshatoka wiki hii usikae nyumbani kulia, una siku 14 za kukata rufaa, zinahesabiwa kutoka tarehe hakimu aliyosoma adhabu.