Deraya Nyeupe na Mafundi Wenye Haraka

Asanteni. Kaeni, kaeni. Nanyi mliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti bado vipo, na hiki kilicho mezani kinataka kutazamwa kwa karibu.

Mwenyeji wetu amenitambulisha kama mtaalamu wa mavazi ya sinema. Amenipandisha cheo. Mimi ni fundi cherehani niliyehamia kwenye plastiki, na leo nitazungumzia vazi moja tu: deraya nyeupe ya askari wa Himaya katika Star Wars, ile filamu ya kwanza ya 1977. Stormtrooper, kama mnavyomjua. Nimelichagua kwa sababu sijaona vazi la kubuni linalochunguzwa kwa uroho kama hili. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, hukesha wakibishana kama utepe unaofunika mshono wa bamba la paja uwe na upana wa milimita 20 au 25. Jibu ni 20 mbele na 25 nyuma, na mikononi ni 15. Sasa mnaweza kulala.

Anayeanza kazi hii hudhani vazi sahihi ni lile lililonyooka, lenye kulia na kushoto zinazolingana, lisilo na doa. Akilimaliza hivyo, anayelijua atamwambia palepale kwamba amekosea. Ili mwelewe kwa nini, lazima turudi Uingereza, mwanzoni mwa 1976.

Sura ya askari huyu ilitoka kwenye michoro ya Ralph McQuarrie. Mbunifu wa mavazi alikuwa John Mollo, ambaye baadaye alipata Oscar kwa kazi hiyo. Deraya ya mwili ilichongwa kwa udongo na Brian Muir, huyohuyo aliyechonga na helmeti ya Darth Vader, yule mwovu mwenye vazi jeusi. Kisha vitu vikapelekwa Twickenham, kwenye karakana ya Andrew Ainsworth, vikageuzwa kuwa plastiki. Na muda ulikuwa umebana, maana upigaji wa picha ulianza Tunisia mwezi Machi mwaka huohuo, na askari walitakiwa kuwa kule jangwani wamevaa.

Njia waliyotumia ni ya kufyonza hewa. Karatasi ya plastiki inabanwa kwenye fremu na kupashwa moto hadi ilegee katikati kama chapati uliyoinyanyua kwa ncha zake. Inashushwa juu ya kalibu, hewa ya chini inafyonzwa, plastiki inalamba kalibu mzimamzima. Dakika chache ikipoa unakata. Ni njia ya rahisi na ya haraka, ila ina ukali wake: umbo lolote linalopinda kurudi ndani litaing'ang'ania kalibu lisitoke. Ndiyo maana helmeti hii haikutoka kipande kimoja. Ni uso, kisogo, na masikio mawili.

Sasa hebu nyanyueni hii hapa, mpitishiane. Iangalieni usoni, ana kwa ana. Jicho moja haliko sawa na jenzake. Shavu la upande mmoja limejaa zaidi. Udongo ulichongwa kwa mkono na macho ya binadamu, hakuna kompyuta iliyosawazisha. Halafu kila helmeti iliunganishwa na mtu aliyekuwa na nyingine kadhaa zikimsubiri, kwa hiyo ukitazama picha za filamu utaona hakuna mbili zilizofanana kabisa: hii sikio limekaa mbele, ile limelala, nyingine mdomo umekatwa kwa mkono uliochoka.

Siku hizi unapata faili la kuchapisha helmeti kwa printa ya 3D, na mafaili mengi aliyeyachora alichora nusu moja, akaigeuza kama kwenye kioo, akaunganisha. Inatoka safi. Ukiivaa unaonekana mwanasesere. Sina ugomvi na printa, ninayo na ninaitumia, lakini mchoraji wa faili akikwambia "nimerekebisha kasoro za asili," funga pochi yako. Kasoro hizo ndizo unazonunua.

Hata plastiki yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Zile helmeti chache zilizotengwa kwa ajili ya picha za karibu zilitengenezwa kwa plastiki nyeupe iitwayo ABS. Zile nyingi, za askari wa kukimbia na kuanguka, zilitengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine, HDPE, yenye rangi ya kaki, kisha zikapigwa rangi nyeupe. HDPE haipendi rangi, rangi haishiki. Zilizosalia hadi leo zimebanduka mabaka mabaka, kaki inachungulia. Na hiyo silaha mkononi? Bunduki ya Kiingereza, Sterling, iliyobandikwa darubini ya kifaru na kihesabio cha mashine cha kampuni ya Hengstler. Vile vinundu viwili kwenye kidevu cha helmeti ni ncha za maikrofoni. Walichokipata ndicho walichobandika. Jamani, hawa walikuwa mafundi wa mtaani kama sisi, tofauti ni kwamba sinema yao ilipendwa.

Tuje kwenye kazi. Nitaanza na masikio, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo nilipo na la kusema zaidi.

Uso na kisogo vikishaunganishwa, ubavuni kunabaki mshono mbaya. Sikio lipo ili kuficha mshono huo. Linapotoka kwenye kalibu ni kubwa kuliko linavyotakiwa, na ukingo wake umenyooka wakati ubavu wa helmeti una mabonde na vilima: shavu, bomba, kipaji. Kazi yako ni kulikata ukingo hadi likae juu ya mabonde hayo bila mwanya. Liweke mahali pake, chora kwa penseli pale panapogusa. Litoe. Punguza upana wa uzi, kwa msasa na si kwa mkasi. Rudisha, tazama, chora tena. Usianze na sehemu ya chini kwa sababu ni rahisi. Anza pale juu linapokutana na kipaji, maana ukikosea huko huna pa kujificha. Parafujo ya juu ifungwe kwanza, ile ya chini isubiri, ili sikio liweze kuzunguka kidogo unapotafuta mkao. Na mwanya ukibaki? Chukua mabaki ya ABS, yakatekate, yaloweke kwenye asetoni yageuke uji, ujaze nao. Ni plastiki ileile, ikikauka unaipiga msasa na kuing'arisha. Ila fungua madirisha na uvae barakoa. Asetoni na vumbi la plastiki havina urafiki na mapafu.

Rangi ndogondogo, zile alama za bluu na kijivu kwenye helmeti, wengi hutumia rangi za chapa ya Humbrol, bluu namba 14 na kijivu namba 5. Paka kwa brashi, kwa mkono. Stika zilizokatwa na mashine hujulikana ukiwa mbali.

Gundi: sharti iwe ile inayobaki na unyumbufu ikikauka, kama E6000, hata kama inakulazimisha kusubiri siku nzima au zaidi huku umebana kwa sumaku na vibanio. Ile gundi ya kushika papo hapo ikikauka huwa ngumu na ya kukatika, na ikishashika haina msamaha. E6000 unaweza kuibandua wiki ijayo ukigundua umenenepa.

Na hilo linanileta kwenye mwili. Vazi la mwaka 1976 lilitengenezewa wanaume warefu, wembamba, na viungo vyake vilikatwa kuwafuata wao. Wewe na mimi siye hao. Hapa ndipo wapenda usahihi hugawanyika. Kuna anayesema vipimo vya asili visiguswe, basi anatembea na paja pana kama ndoo, likigongana na mwenzake kila hatua. Mimi nasema jicho la mtazamaji halipimi milimita, linapima uwiano kati ya mwili na bamba. Yule mwigizaji alionekana amebanwa na vazi lake. Ukitaka kuonekana kama yeye, lazima nawe likubane, na ili likubane itabidi ukate. Kata pua uunge wajihi.

Kwa hiyo pima mtu akiwa amevaa ile nguo nyeusi ya ndani, si akiwa na suruali ya jinzi. Anza na kigasha, kidogo na rahisi, mkono upate uzoefu. Halafu mkono wa juu, paja, muundi, na kiwiliwili mwisho. Kila kipande cha mkono au mguu ni kama bomba lenye nusu mbili zinazokutana ukingo kwa ukingo, kisha utepe unafunika mshono. Unapopunguza, punguza pande zote mbili za mshono kwa kiasi sawa ili utepe ubaki katikati ya mkono au mguu. Ukikata upande mmoja tu, mstari utazunguka na mguu utaonekana umevunjika. Mwembamba apunguze zaidi kwenye mshono wa nyuma. Mnene aongeze kipande ubavuni mwa kiwiliwili, kati ya bamba la tumbo na lile la mgongoni chini, tunaloliita figo, ambako mkono hufunika, hakuna atakayekiona. Bamba lililopinda vibaya litumbukize kwenye maji ya moto sana, likande ukiwa na glavu, lishike hadi lipoe.

Mapaja hayajishikilii yenyewe. Yananing'inia kwa lastiki kutoka kwenye mkanda wa ndani, kama soksi ndefu za zamani. Muundi unabaki wazi nyuma, unafungwa kwa velkro. Wa kushoto ndio wenye lile bamba la goti, msije mkageuza.

Kuna swali limeletwa kwenye karatasi: "Kwa nini nisitumie sponji ya EVA, ni ya bei nafuu?" EVA, kwa wasioijua, ndiyo kandambili zako. Kwa deraya nyingine za kubuni ni nyenzo nzuri mno, nyepesi, na inasamehe. Kwa hii, hapana. Haing'ai, wala haitoi ule mlio wa plastiki kugongana, na mlio huo ni nusu ya askari.

Swali jingine linahusu kuuza. Ainsworth alianza kuuza helmeti kutoka kwenye karakana yake, Lucasfilm, kampuni iliyotengeneza filamu hiyo, wakamshtaki. Marekani walipata hukumu ya dola milioni 20 bila yeye kujitetea. Uingereza mambo yaligeuka: Julai 2011 Mahakama ya Juu ilisema helmeti ile ni kifaa cha kutengenezea filamu, si sanamu, kwa hiyo haina ulinzi wa hakimiliki unaopewa sanamu. Lakini mahakama hiyohiyo ikasema dai la hakimiliki ya Marekani linaweza kusikilizwa Uingereza. Kwa hiyo kabla hujafungua duka, tafuta wakili, usinitafute mimi.

Wanaotaka kipimo cha nje wasome masharti ya 501st Legion, kundi la kujitolea lililoanzishwa Marekani na Albin Johnson mwaka 1997. Wanaenda hospitalini na kwenye hafla za hisani wakiwa wamevaa, na hawakupokei mpaka picha za vazi lako zikaguliwe kipengele kwa kipengele. Wana hata ngazi za juu kwa waliozidisha usahihi. Hata kama huna nia ya kujiunga, masharti yao ni shule.

La mwisho, mkishavaa. Huwezi kukaa. Ngazi unapanda kwa ubavu. Lenzi ya macho ya helmeti inapata ukungu, weka feni ndogo ndani ya helmeti. Na huoni chini ya kiuno chako, na watoto ndiko wanakosimama, kwa hiyo usitoke bila mtu wa kukuongoza, asiyevaa chochote cha ajabu, mwenye chupa ya maji na jozi ya lastiki mfukoni. Mlipe chakula cha mchana.

Haya, nina vigasha vitatu ambavyo havijakatwa na penseli za kutosha. Nani ana mkono mwembamba hapa? Wewe dada mwenye kilemba cha kijani, njoo tuanze na wako.