Aliyesimama Nyuma ya Bega la Mwalimu

Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wanafunzi wenzangu wa tiba, habari za jioni.

Tukitaja mwalimu na mwanafunzi wake, wengi huwakumbuka Freud na Jung, wataalamu wa saikolojia waliopendana kama baba na mwana kisha wakaachana kwa barua mwaka 1913. Hao wana wasimulizi tele. Leo nawaletea Vivien Thomas.

Alikuwa seremala kijana wa Nashville, Mmarekani Mweusi aliyetamani kusomea udaktari. Mdororo wa uchumi ukameza akiba yake ya karo. Februari 1930 akapata kazi katika maabara ya Dakta Alfred Blalock, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Blalock akamfundisha kupasua, kupima na kuandika matokeo. Pamoja na hayo yote, kwenye orodha ya mishahara Thomas aliandikwa mfagiaji.

Mwaka 1941 wakahamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Huko Dakta Helen Taussig aliwaona watoto wakigeuka buluu midomo na kucha, kwa sababu kasoro ya moyo iliinyima mapafu yao damu ya kutosha. Dawa ikawa kuunganisha ateri iendayo mkononi na ile ya mapafu. Thomas ndiye aliyeijaribu njia hiyo kwa mbwa, mmoja baada ya mwingine, hadi mshono ukashika.

Tarehe 29 Novemba 1944 aliletwa mtoto wa kwanza, mdogo mno. Blalock aliomba Thomas awepo. Akasimama juu ya kigoda, nyuma ya bega la kulia la mwalimu wake. Blalock akishona huku akimuuliza. Sindano ikielekea siko, Thomas anamrekebisha hapo hapo. Hebu fikirini: profesa, mbele ya madaktari wake, anaongozwa na mtu asiye na shahada! Unyenyekevu ule naustahi sana.

Lakini makala ya mwaka 1945 iliyoitangaza tiba hiyo duniani ilibeba majina mawili, Blalock na Taussig. Thomas hakutajwa popote. Hapo simtetei Blalock. Alimfungulia kijana mlango uliofungwa na ubaguzi, kisha akaliacha jina lake nje.

Blalock alifariki mwaka 1964. Mwaka 1971 picha ya Thomas ilitundikwa Hopkins, na walioagiza ichorwe ni wapasuaji aliowafundisha kushika kisu. Mwaka 1976 chuo kikampa udaktari wa heshima, wa sheria, na kumtambua rasmi kuwa mwalimu wa upasuaji, kazi aliyokuwa ameifanya miaka zaidi ya 30.