Tairi zangu zinalala hotelini

"Kaka, kwenye theluji gari halitelezi?" Swali hili linanifuata tangu Februari, nilipoweka ile video ya kijiji kule Tirol, Austria. Likipoa kidogo linakuja la pili: "Si ulisema huko Ujerumani maisha magumu? Hela ya kwenda kuchezea barafu umetoa wapi?" Leo nipo kwenye gari naelekea kwa fundi, nayajibu yote mawili, halafu jamani tuachane nayo.

Sijioneshi. Safari ilipangwa na wenzangu wa kazini, chumba kimoja tumelala watu 4, tambi tumepika wenyewe. Na wale wa "unalalamika sana", silalamiki pia. Nataka muone hesabu, kwa sababu mkiniona kwenye picha nimeshika skii, zile mbao za kutelezea thelujini, mnajua nimeshatoboa. Skii zile za kukodi! Tiketi ya lifti ya kukupandisha juu kwenye milima mikubwa ya Tirol inapita euro 70 kwa siku. Nilikata ya siku moja, siku nyingine nikabaki bondeni na wenye watoto, tunavuta sleji.

Kilichonimaliza ni gari.

Niliponunua hili gari mwaka jana aliyeniuzia alisema lina "tairi za baridi, bado nzuri kabisa". Kweli zilikuwa nzuri. Ila ubavuni zilikuwa na herufi M+S tu, yaani matope na theluji, na Ujerumani tangu Oktoba 2024 herufi hizo peke yake hazitoshi. Lazima uone alama ya mlima wa vilele 3 wenye chembe ya theluji katikati. Ukikutwa kwenye barafu na tairi nyingine, faini inaanzia euro 60, na pointi moja inaandikwa kwenye rekodi yako ya udereva. Nikanunua seti mpya, euro 420 pamoja na kufungwa. Austria nao wana yao: kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, barabara ikiwa na theluji au barafu lazima uwe na tairi za baridi, na mifereji yake isipungue kina cha milimita 4. Ujerumani hata milimita 1.6 inakubalika, kwa hiyo unaweza kuwa halali nyumbani, ukavuka mpaka ukawa na kosa.

Na mimi nakaa ghorofani, stoo sina. Seti ambayo haijafungwa, ya kiangazi au ya baridi, unamwachia fundi akutunzie kwa kulipia. Wajerumani wenyewe wanapaita hoteli ya tairi, sitanii. Nilipofika nchi hii nililala kwenye kochi la mtu wiki 6. Tairi zangu zinalala hotelini.

Sasa, gari linateleza? Linateleza. Kuna mtu aliandika "mtoto wa Moshi unaogopa theluji?" Ndugu yangu, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tuliiona asubuhi mawingu yakifunguka, ikabaki huko huko juu. Haijawahi kunifuata barabarani. Kilichonisaidia ni mteremko wa Kitonga, kule Iringa. Aliyewahi kuteremka Kitonga nyuma ya lori la mzigo anajua lile lori halishuki kwa breki, linashuka kwa gia. Huku ni hivyo hivyo: gia ndogo, mguu mwepesi, na aliye mbele yako umwachie nafasi kubwa kuliko unavyodhani inatosha.

Ila kilichokaribia kuniua siyo mteremko, ni maji ya waipa. Nilijaza ya bomba, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Tupo barabara kuu, mbele kuna gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, kioo kikageuka cheupe. Nabonyeza, hakitoki kitu, maji yameganda. Nimeendesha nimetoa kichwa dirishani hadi kituo cha mafuta. Maji yasiyoganda yanauzwa euro chache tu.

Cheni za kuzungushia tairi zishike theluji nilijifunza kufunga Oktoba, kwenye maegesho ya nyumbani, jua linawaka. Bibi jirani akatoka kuniuliza kama naumwa. Lakini fikiria unaanza kusoma maelekezo usiku, vidole havina hisia, nyuma yako watu wanapiga honi. Cheni zinakwenda kwa saizi ya tairi na zinafungwa kwenye magurudumu yanayovuta. Ukiona kibao cha duara cha bluu chenye tairi lililofungwa cheni, hapo siyo hiari. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Usiku wa baridi kali hendibreki siivuti, inaweza kuganda. Mahali pa tambarare naliacha kwenye gia.

Makaratasi sasa. Leseni yangu ya Tanzania, miaka 11, nimeendesha Dar hadi Tunduma, hapa ilinifaa miezi 6 tu tangu nihamie. Baada ya hapo mtihani upya. Wa nadharia maswali 30, Kiingereza kipo, Kiarabu kipo, Kiswahili hakuna. Wa barabarani nilifeli mara ya kwanza kwa sababu sikugeuza shingo kuangalia begani. Macho yaliangalia, shingo ndiyo ilibaki. Jumla ilipita euro 1,900. Halafu barabara kuu za Austria unalipia: siku 10 kwa mwaka 2025 ilikuwa euro 12.40. Wenyeji watakwambia kipande cha kutoka mpakani hadi Kufstein Süd hakilipiwi, ni kweli, lakini ukipitiliza bila kulipa, mwaka 2025 ilikuwa euro 120.

Kurudi, mpakani wanakagua. Tulikuwa 4 kwenye gari, hati niliombwa mimi. Kadi yangu ya ukaazi ilikuwa imeisha, nina karatasi ya muda ninayosubiria nayo kadi mpya. Ni halali, lakini lile karatasi likikunjwa mara 3 linafanana na risiti. Dakika 40 tumesimama pembeni. Wenzangu hawakusema neno, na hilo ndilo liliniuma.

Nafika nyumbani, grupu la familia: "Kama una hela ya kuchezea barafu, mchango wa harusi laki 5 haukushindi." Nilitoa laki 2. Hadi leo shangazi ananijibu kwa dole gumba tu.

Mkiniuliza kama na nyinyi mje na gari, sijui mifuko yenu. Mwenzangu mmoja alipanda treni, akafika kabla yetu, Jumamosi ile foleni ilikuwa ya Chalinze wiki ya Krismasi. Mimi gari ninalo tayari, na safari ya Februari wameshaniandika tena.

Ngoja nishuke, nimepewa saa 10 na nusu na hapa hawasubiri mtu. Shangazi, kama unaangalia, nakusalimia.