Mashada na Mawe: Unyenyekevu wa Mtumishi Katika Sifa na Katika Kushindwa

Bwana asifiwe, watumishi wenzangu. Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 14, tuanze mstari wa 8. Mji ni mmoja, Listra. Kiwete anasimama na kutembea. Umati unamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, majina ya miungu yao, na kuhani analeta ng'ombe na mashada ya maua ili watoe dhabihu. Kisha wanafika watu kutoka Antiokia na Ikonio, wanaushawishi umati, na Paulo anapigwa mawe, anaburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa.

Angalieni kwanza Paulo na Barnaba walivyozikataa sifa. Walirarua nguo zao, wakakimbilia katikati ya watu wakipaza sauti kwamba wao nao ni wanadamu. Kunyamaza hapo kungekuwa kukubali. Wengi wetu hatudai kuabudiwa, tunanyamaza tu. Kwa hiyo rekebisha papo hapo, kabla hujashuka madhabahuni. Mtu akikuambia, "Mtumishi, umeniponya," mwambie aliyemponya ni Bwana, kisha mshukuruni Mungu pamoja pale pale. Ila usirudierudie "mimi si kitu" huku ukingoja akubishie; hiyo ni njia nyingine ya kuomba sifa. Akikushukuru kwa mahubiri, "asante, Mungu atukuzwe" inatosha.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye taarifa zetu. Mstari wa 27 unasema walipolikusanya kanisa walieleza mambo aliyoyafanya Mungu pamoja nao. Kabla ya kusoma taarifa ya mkutano wa injili, ipitie na kalamu, upigie mstari kila "nilihubiri", "nilifungua", "nilipanda". Waombezi, kwaya na waliopanga viti wako wapi? Wataje. Na idadi: waliokuja mbele waite waliokuja mbele. Wahesabu tena baada ya miezi mitatu, wale wanaohudhuria mafundisho, uitangaze hesabu hiyo pia hata ikiwa ndogo.

Sasa siku ya kushindwa. Katika 1 Wafalme 19, Eliya anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Kwa hiyo usiandike barua ya kujiuzulu usiku ule ule. Kula, lala, halafu kaa na mzee wa kanisa mwenye ujasiri wa kukukosoa, muigawe karatasi katika safu tatu: dhambi ya kutubu, uzembe wa kurekebisha, na yaliyokuwa nje ya uwezo wako. Wengine hujaza safu ya tatu tu, wakisema ni vita vya adui, na makosa yale yale yanarudi. Wengine hujilaumu kwa yote, na ndani yake kuna kiburi kilichojificha: kudhani kwamba kazi yote ya Mungu ilikutegemea wewe.

Paulo alirudi Listra, na Matendo 14 mstari wa 23 unasema waliwachagulia wazee katika kila kanisa, wakaomba na kufunga. Hapa ndipo unyenyekevu unapopimwa. Sahihi za benki ziwe za watu wasiopungua wawili, wasio ndugu wa mchungaji, wala yeye asiwe mmoja wao. Na Jumapili moja kila mwezi ahubiri mwingine, nawe uketi na washirika tangu ibada inapoanza hadi inapokwisha, ukiwa na Biblia na daftari.