Usiipe Java RAM Yote: Kupanga Memori ya Seva za Cassandra

Habari za asubuhi ndugu zangu, na asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mna seva zinazowaamsha usiku, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta.

Nitazungumzia Cassandra, kanzidata inayosambaza data kwenye seva nyingi, kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo, ingawa mengi nitakayosema yanaihusu injini ya utafutaji Elasticsearch pia, na kanzidata nyingine zilizoandikwa kwa Java. Cassandra ilizaliwa Facebook, ikatolewa kwa umma mwaka 2008, na mwaka 2010 ikawa mradi kamili wa Apache. Kwa kuwa inaendeshwa na Java, data inayoshughulikiwa hupita kwenye eneo la memori ambalo Java inalitawala yenyewe, hipu, na ukubwa wa hipu hiyo anaupanga msimamizi.

Karibu kila klasta, yaani kundi la seva za kanzidata moja, ninayoitwa kuitazama nakuta historia ileile. Kanzidata ilianza kusuasua, mtu akaongeza hipu. Seva ina RAM ya GB 64, hipu ilikuwa 8, ikapandishwa 16. Tatizo likatulia wiki kadhaa, likarudi. Ikapandishwa 32, mwisho 48, na sasa bosi anaombwa fedha za seva zenye RAM kubwa zaidi. Nimekuja kulipinga zoezi hilo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu linakula fedha na linaacha ugonjwa ulipokuwa.

Tuanze na RAM iliyo nje ya hipu, maana hapo ndipo hesabu zinapoharibika. Mtu akiona hipu ni GB 8 kati ya 64 anadhani GB 56 zimekaa bure. Cassandra huweka vitu vingi nje ya hipu: vichujio vya Bloom, vinavyoiwezesha kuruka faili ambazo hazina ufunguo unaotafutwa; ramani za kuonyesha kila kipande kilichobanwa kinaanzia wapi ndani ya faili; keshi ya vipande vilivyofunguliwa. Andika `nodetool info` uone. Kuna mstari wa Heap Memory, na chini yake upo wa Off Heap Memory ambao watu wengi wanaupita tu. Ukiwa na data nyingi kwenye nodi moja, yaani seva moja ya klasta, mstari huo wa pili unaweza kukushtua.

Kinachobaki hapo Linux inakitumia kuhifadhi kurasa za faili zilizosomwa karibuni. Data ya Cassandra inakaa kwenye SSTable, yaani faili ambazo zikishaandikwa hazibadilishwi tena, na sehemu kubwa ya usomaji wa haraka mnaoufurahia ni Linux kutoa kurasa hizo kwenye RAM bila kugusa diski. Fungua `free -h` kwenye seva yenye afya: safu ya free itakuwa na kitu kidogo sana, na buff/cache itakuwa imejaa. Hiyo ndiyo hali tunayoitaka. Kila gigabaiti unayoiongeza kwenye hipu umeinyang'anya safu hiyo, na malipo yake utayaona kwenye `iostat`, amri inayopima kazi ya diski, diski zikianza kuhema kwa usomaji ambao jana haukuwepo.

Kuna mpaka mmoja nataka kila mtu atoke hapa akiwa anaujua: GB 32. Java hupanga objekti zake kwa hatua za baiti 8. Kwa hiyo kielekezi cha biti 32, yaani anwani ya mahali objekti ilipo, hakina haja ya kuhesabu baiti moja moja, kinahesabu hatua, na hatua bilioni 4 na ushee mara baiti 8 ndiyo hiyo GB 32. Hipu ikiwa chini ya hapo, kila kielekezi kinakula baiti 4. Ukivuka, kila kimoja kinakula 8. Hipu ya kanzidata imejaa objekti ndogondogo zinazoelekezana, kwa hiyo hipu ya GB 34 inaweza kubeba data pungufu kuliko ya GB 31, huku umeshailipia zaidi. Msinisadiki kwa mdomo. Andikeni `java -Xmx31g -XX:+PrintFlagsFinal -version | grep UseCompressedOops`, kisha mrudie kwa 33g, mtaona true ikigeuka false.

Sasa tufike kwenye taka, yaani objekti ambazo programu haizihitaji tena. Mkusanya taka wa Java ni kama mfagiaji wa soko ambaye kuna sehemu hawezi kufagia mpaka wachuuzi wote wasimame kando. Na muda anaowasimamisha hautegemei sana wingi wa taka. Unategemea wingi wa bidhaa nzima anazolazimika kuzihamisha ili apite. Ndiyo maana hipu kubwa iliyojaa objekti zilizo hai ni hatari: siku G1, mmojawapo wa wakusanya taka wa Java, ikishindwa kwenda na kasi na kulazimika kusafisha hipu nzima kwa mkupuo, unasimama kwa sekunde nyingi. Na wale ambao bado mko Java 8 mkae mkijua kwamba usafishaji huo mzima ulikuwa unafanywa na uzi mmoja tu, yaani mkondo mmoja wa kazi. Uliruhusiwa kutumia nyuzi nyingi kuanzia Java 10.

Kwenye kompyuta moja, kusimama sekunde kumi ni kero. Kwenye klasta ni balaa, na nataka niifuate balaa hiyo hatua kwa hatua. Tuchukue klasta yenye nakala tatu za kila data. Mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, kila mtu anatuma na kupokea. Kwenye `system.log` ya nodi moja unakuta mstari wa GCInspector kama huu: `G1 Old Generation GC in 9841ms`. Karibu sekunde kumi. Katika muda huo, nodi zilizokuwa zikiisubiri ipokee maandishi zimechoka baada ya sekunde 2, kwa mipangilio ya kawaida, na zimeanza kumwekea mwenzao akiba ya maandishi aliyoyakosa. Zilizokuwa zikisubiri usomaji zimekata tamaa baada ya sekunde 5. Maombi mapya yanaelekezwa kwa nodi mbili zilizobaki, nazo hipu zake zinaanza kujaa kwa kasi ambayo hazikuizoea. Nodi yetu inaamka. Inakutana na foleni ya maombi ambayo wenyewe walishaondoka, na juu yake inaletewa ile akiba yote iandike. Kazi zote hizo zinaumba objekti mpya. Hipu inajaa tena, inasimama tena, na safari hii jirani yake naye amesimama. Ukifika asubuhi unaambiwa mtandao ulikuwa mbovu.

Kwa hiyo tupange vipi? Toleo la kawaida la `cassandra-env.sh` katika Cassandra za kabla ya 5.0, ukiliachia lichague lenyewe, kwenye seva kubwa linachukua robo ya RAM lakini halivuki GB 8. Kiasi hicho kilitoka enzi za mkusanya taka wa zamani, CMS, ambaye hakupenda hipu kubwa. CMS alitangazwa kuwa anaelekea kuondoka katika Java 9 na akaondolewa kabisa katika Java 14, mwaka 2020. Kwa G1, kwenye seva ya GB 64, mimi naanzia 16, na kwa mzigo mzito naweza kufika 24. Hadi 31 nafika nikiwa na vipimo mkononi vinavyonilazimisha. `-Xms`, hipu ya kuanzia, na `-Xmx`, kikomo chake cha juu, viwe sawasawa, hipu isiwe inakua na kusinyaa wakati wa kazi. Na ukihamia G1, futa `-Xmn`, inayopanga ukubwa wa eneo la objekti changa, iliyobaki kutoka enzi za CMS. G1 hujipangia mwenyewe eneo la objekti changa ili itimize lengo la muda wa kusimama ulilompa. Ukilikaza eneo hilo kwa namba yako, umempa lengo na kumfunga mikono papo hapo. Hili nalikuta mara nyingi mno.

Memtable, yaani maandishi yanayosubiri kupelekwa diski, kwa kawaida hupewa robo ya hipu. Ukiwa na mzigo mkubwa wa uandishi, jaribu kuweka `memtable_allocation_type` iwe `offheap_objects`. Sehemu kubwa ya data hiyo inatoka nje ya hipu, na mkusanya taka anapumua.

Swapu, yaani sehemu ya diski ambako Linux huhamishia kurasa za RAM, izimwe, sina mjadala na hilo. Mkusanya taka anapopita kwenye hipu anagusa kurasa ambazo huenda hazijaguswa muda mrefu. Zikiwa zimehamishiwa diski, kusimama kwa milisekunde kunageuka kusimama kwa dakika. Kwenye klasta, nodi iliyokufa ina nafuu kuliko nodi inayoburuza, kwa sababu iliyokufa wenzake wanaijua na wanaipita.

Wanaoendesha kwenye kontena nawaomba wawe makini na jambo moja. Kontena ina kikomo cha GB 16, mtu anaweka hipu 14, akiamini ameacha 2 za ziada. Vile vichujio, keshi, rundo za nyuzi, vyote vinahesabiwa kwenye kikomo hichohicho. Kinavukwa, Linux inaua mchakato, unaona umetoka kwa namba 137 na hakuna neno lolote kwenye logi ya Cassandra. Mtu anahangaika kutafuta OutOfMemoryError ambayo haipo, kwa sababu Java haikupewa hata nafasi ya kulalamika. Hapo angalia `dmesg`, logi ya Linux yenyewe, kisha punguza hipu. Ndiyo, ipunguze. Kuiongeza kutakuua mapema zaidi.

Na sasa niseme linalonigusa zaidi. Mara nyingi hipu inajazwa na namna tulivyopanga majedwali na maswali yetu. Mtu ametumia jedwali la Cassandra kama foleni ya kazi: anaandika, anasoma, anafuta. Kila kilichofutwa kinaacha alama ya ufutaji, na alama hizo zinakaa angalau siku 10, yaani `gc_grace_seconds` ya 864000, kabla hazijaruhusiwa kuondolewa. Swali dogo la kuleta kazi 20 linapita kwenye maelfu ya alama za vitu vilivyokwisha kufutwa, zote zikipakiwa kwenye hipu. Cassandra inaonya zikifika 1000 katika swali moja, na inalikataa swali zikipita 100000. Nimeona wasimamizi wakikipandisha kikomo hicho ili onyo liondoke. Tafadhalini, msifanye hivyo. Nendeni mkakae na waandishi wa programu, jedwali lipangwe upya. Ongezeko la hipu hapo linanunua wiki chache tu.

Kupima sasa. Kiasi cha hipu kinachotumika dakika hii hakikuambii kitu, maana kinapanda na kushuka siku nzima. Washa logi ya mkusanya taka, kwa Java 11 ni `-Xlog:gc*`, utazame hipu inabaki na kiasi gani baada ya usafishaji wa eneo la objekti kongwe. Huo ndio uzito halisi ulio hai. Ikiwa unabaki GB 5 na hipu ni 16, una nafasi ya kutosha, tafuta tatizo kwingine. Ukipanda kila siku bila kushuka, kuna kitu kimeshikiliwa. Ukitaka kubadilisha namba, badilisha nodi moja na uziache jirani zake kama zilivyo, kisha ingojee ipite mwisho wa mwezi. Nodi zote zinapokea mzigo unaofanana, kwa hiyo una kipimo cha kulinganisha ambacho mwenye kanzidata ya seva moja hana.

Dada pale mbele ameuliza kuhusu ZGC, mkusanya taka mwingine wa Java, kwamba si itayamaliza haya yote? Swali zuri. ZGC inasimama kwa muda mfupi sana, chini ya milisekunde moja katika matoleo mapya ya Java, na mimi naisubiri kwa hamu. Ila haitumii vielekezi vya baiti 4, kwa hiyo data ileile itakula hipu kubwa zaidi. Na uwezo wa kutenganisha objekti changa na kongwe, ambao kanzidata inauhitaji sana, umeingia kwenye ZGC katika Java 21, ilhali Cassandra 5.0 imetoka ikiwa na uungwaji mkono wa Java 11 na 17. Kwa mzigo wenu wa sasa, dada yangu, bakini na G1, mfute hiyo `-Xmn`, na mniletee logi ya mwisho wa mwezi tuitazame pamoja.