Tazameni Pesa Zinavyohesabiwa

Jamani, hamjambo. Mwenyekiti wenu ameniomba nizungumze juu ya filamu za familia, matumaini na taabu za binadamu, kisha akanivuta pembeni akasema, "Mwalimu, nusu saa tu." Anajua mwalimu mstaafu akikabidhiwa kipaza sauti inakuwaje. Saa yangu nimeivua, iko hapa mezani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa haina kituo hata kimoja cha televisheni. Mjomba wangu alikuwa na deki, runinga na kibanda umiza pale Ngamiani, Tanga. Ninyi mnatazama filamu kwenye simu mkiwa mmejilaza. Kibanda umiza kilikuwa chumba cha mabati, mabenchi yasiyo na egemeo, magunia meusi yamepigiliwa madirishani, na joto la kukufanya ukamue shati ukitoka. Jina lenyewe linajieleza. Mimi nilikaa mlangoni na kopo la maziwa ya unga, napokea kiingilio: mkubwa kamili, mtoto nusu. Usiku mjomba alilimwaga lile kopo juu ya mkeka tukahesabu. Hii ya umeme, hii ya mikanda ya kukodi, inayobaki ni ya unga na dagaa. Siku nyingine haikubaki.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kutafsiri. Mkanda ukiwa wa Kihindi nilisimama pembeni ya runinga nikaeleza kwa Kiswahili nani kasema nini. Kihindi sikukijua. Nilijua mapenzi, moyo, damu, mama na kisasi. Kwa maneno hayo matano mtu anafika mbali sana katika filamu za Kihindi, na pale nilipokwama nilitunga.

Baadaye nikasomea ualimu, nikafundisha hisabati mpaka nilipostaafu. Ndiyo maana nina tabia ambayo mke wangu haipendi: tukitazama filamu, mimi nauliza hela zimetoka wapi. Familia inalia sebuleni, masofa meupe, pazia hadi chini, na hakuna anayesema kodi analipa nani. Hapo machozi yao hayanifikii. Nikionyeshwa mtu anahesabu sarafu mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuipenda, nanyooka kitini. Leo nataka niwapitishe kwenye filamu nne kwa njia hiyo hiyo. Mtaniambia kama nimekosea.

Ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikijaza kibanda chetu kuliko zote: Mother India, ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan. Nargis ni Radha, bibi harusi wa kijijini. Mama mkwe wake alikopa rupia 500 kwa ajili ya harusi ile, shamba likawekwa rehani kwa Sukhilala mkopeshaji. Hakuna anayejua kusoma isipokuwa Sukhilala. Kesi inapelekwa kwa wazee wa kijiji, wazee wanampa haki yeye, na familia inatakiwa itoe robo tatu ya mavuno yake kama riba. Riba, jamani. Zile 500 ziko pale pale.

Niliwahi kuiandika hesabu hiyo ubaoni, kidato cha pili. Mavuno magunia 40, toa robo tatu, baki kumi, watu wa kulisha hawa, mbegu za mwakani hizi. Darasa likanyamaza. Kisha binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini hawakuomba nakala ya mkataba?" Nimeona wachambuzi wengi wakiiandika filamu ile, sijaona aliyeuliza swali zuri kuliko hilo. Yale yote yanayofuata, mume kupondwa mikono na jiwe akaondoka kwa aibu, mafuriko, Radha kuvuta jembe mwenyewe, yanatoka kwenye karatasi ambayo hawakuweza kuisoma. Mtoto wake Birju anakua akilichukia daftari la Sukhilala kama watu wengine wanavyochukia nyoka.

Mwisho wake wakubwa humu ndani wanaujua. Birju kawa jambazi, anamuua mkopeshaji, anamteka binti yake, na mama anachukua bunduki, anampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa ajili ya heshima ya mwanamke wa kijiji. Tulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, mteja wetu wa kila Ijumaa. Aliuona mkanda ule mara nyingi. Bunduki ikishikwa tu, anakusanya kanga yake, anatoka. Nikamuuliza, mama, mbona hungoji mwisho? Akanijibu: "Mimi nimemwacha yuko hai."

Nitarudi hapo.

Ya pili ni ya Italia, Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica, mwaka 1948. Roma baada ya vita, kazi hakuna. Antonio anaitwa, kazi ya kubandika mabango imepatikana, sharti awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria habishani naye. Anaenda kitandani, anavua mashuka, anayafunga bunda. Watalala bila shuka. Wanayapeleka kwenye duka la rehani, na hapo ndipo kuna picha ambayo ningewaomba muitazame mara tatu: mfanyakazi wa duka anabeba lile bunda, anapanda nalo kwenye rafu, anapanda, anapanda, na rafu zote hadi darini zimejaa mashuka ya watu wengine. De Sica haweki hotuba. Unaona mwenyewe kuwa mji mzima unalala bila shuka.

Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibiwa. Kutwa ya Jumapili anaitafuta pamoja na mwanawe Bruno. Bruno namjua, nimemfundisha mara nyingi kwa majina mengine. Ni mtoto mdogo lakini ana kazi kituo cha mafuta. Asubuhi ile kabla ya wizi, anaifuta baiskeli, anagundua imebonyea. Anamwambia baba yake hawa wa duka la rehani wameibonyeza. Baba anasema labda ilikuwa hivyo tangu zamani. Hapana, haikuwa hivyo. Bruno angewadai! Mtoto wa maskini anajua hali ya kila kitu cha nyumbani kwao, sufuria ipi inavuja, kiti kipi mgeni asikalie.

Mchana, katikati ya kukata tamaa, Antonio anamzaba mwanawe kofi. Kisha anasikia kelele mtoni kuwa kuna mtoto anazama, anakimbia akidhani ni Bruno. Siye. Kwa furaha anampeleka kula hotelini, mahali pasipo pao. Meza ya jirani kuna kijana wa watu wenye nacho anakula kwa madaha. Bruno anamtazama, anavuta jibini yake, na baba anampa penseli: hebu andika, mshahara hiki, muda wa ziada hiki, posho ya familia hii, jumlisha. Wanapiga hesabu ya pesa ambazo hawana tena. Nimefundisha kujumlisha maisha yangu yote, na sijaona kujumlisha kunakouma kama kule.

Jioni Antonio mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli. Anakamatwa, anazabwa, anatukanwa mbele ya mwanawe. Mwenye baiskeli anamwona Bruno analia, anasema mwacheni. Baba na mwana wanatembea katikati ya watu, Antonio anabubujikwa, na Bruno anamshika mkono. Basi. Baiskeli haikupatikana. Niongeze kwamba aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji, na baada ya filamu alirudi kiwandani akaja kupunguzwa. De Sica naye asingeweza kutunga hivyo.

Ya tatu, na hii ndiyo naipenda zaidi, ni Watoto wa Mbinguni, ya Majid Majidi, Iran, 1997. Ali ametumwa kupeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi. Anarudi, anapita dukani kuchukua viazi, mwokota taka anavizoa vile viatu bila kujua. Baba ana madeni, mama mgonjwa, kodi imelala. Watoto wanaamua baba asijue. Wanaandikiana kwenye daftari la shule ili wasisikike: Zahra atavaa raba za Ali asubuhi, akitoka shule anakimbia, wanabadilishana kwenye kichochoro, Ali anakimbia zamu ya mchana. Kila siku Ali anachelewa.

Wenzangu mnaotoka shule za zamu mbili mnacheka kwa sababu mnaijua. Mimi nimefundisha shule ya namna hiyo. Getini saa sita nimeona kaka na mdogo wake wakibadilishana sweta moja la shule, wa kwanza akilivua likiwa na jasho, wa pili akilivaa bila kinyaa. Hawakujua ninawaona. Mwaka ule wote sikumuuliza yule mdogo kwa nini amechelewa.

Kuna tukio la sukari. Baba, maskini huyu, ameketi sakafuni anavunja bonge la sukari vipande vidogo kwa ajili ya msikiti. Zahra anamletea chai, yeye anaomba sukari. Zahra anashangaa, mbona sukari yote hii iko mbele yako? Baba anamwambia hii ni ya msikiti, tumekabidhiwa. Kwetu pwani neno lake lipo, ni amana. Sekunde chache tu, na baada ya hapo unaelewa kwa nini Ali anaogopa kumwambia baba huyu kuhusu viatu. Si kuogopa kipigo peke yake. Anaogopa kumwongezea deni mtu ambaye hawezi hata kujipa kipande cha sukari.

Halafu Zahra anaviona viatu vyake shuleni, kwenye miguu ya msichana mwingine. Yeye na Ali wanamfuata hadi kwao, tayari kudai. Mlangoni anatoka baba wa yule msichana, kipofu, anashikwa mkono kwenda kuchuuza. Ali na Zahra wanatazamana, wanageuka, wanaondoka. Hakuna neno. Wamepiga hesabu, wakaona upande ule kuna upungufu zaidi.

Mwisho ni mbio za shule. Zawadi ya mshindi wa tatu ni raba. Ali hataki ushindi, anataka nafasi ya tatu. Katika vurugu za mwishoni anakuwa wa kwanza, analia wakati anabebwa juu. Watazamaji wengi hawagundui kwamba kabla Ali hajafika nyumbani tunaonyeshwa baiskeli ya baba, na juu yake kuna viatu vipya. Ali hajui. Anarudi nyumbani, anatia miguu yake yenye malengelenge kwenye bwawa, samaki wanakuja kuizunguka. Sisi tunajua viatu viko njiani, yeye hajui, na filamu inakatika hapo. Sijaona mwongozaji mwingine aliyeshika tumaini kwa mkono mwepesi namna hiyo.

Ya nne ni ya hapa jirani. Supa Modo, ya Likarion Wainaina, Kenya, 2018. Kiswahili chake ni cha kwao, kina Kikuyu ndani, mtakielewa. Jo ana miaka tisa na anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ana ugonjwa usio na tiba, na mama yake anamtoa hospitali akafie nyumbani, ingawa neno hilo hatamki. Dada yake Mwix hakubali amwone amelala tu kitandani, anaanza kumwaminisha kwamba nguvu anazo. Mama anapinga mwanzoni. Kisha kijiji kizima kinaingia kwenye njama, na wanaamua kutengeneza filamu, Jo akiwa shujaa wake.

Mtasema hapa mwalimu hana hesabu ya pesa. Kweli, pesa hapa hazina nguvu tena. Kinachohesabiwa ni siku. Mama anazihesabu kimya, anazijua, na ndiyo sababu mchezo wa Mwix unamkera: anaona kila siku ya mchezo ni siku inayotolewa kwenye zile chache. Nilimwelewa mama yule kabla sijamwelewa Mwix. Kisha filamu ilipokwisha nikabaki nimekaa, mke wangu akaenda kulala, mimi niko pale pale.

Nilikuwa na mdogo wangu. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Siku za baridi viungo vilimkaza, analia hadi sauti inaisha, na siku za nafuu alikaa benchi la mbele kibandani bila kiingilio, amri ya mjomba. Alifariki akiwa na miaka kumi na minne. Mwaka wake wa mwisho mama yetu alikuwa amekwisha kuambiwa na daktari, na mimi nilikuwa nimesikia nikiwa nje ya mlango.

Ijumaa moja tukaweka Mother India. Muuza vitumbua akatoka kama kawaida yake. Bunduki ikalia. Nimesimama pembeni ya runinga, mdogo wangu yuko mbele yangu kabisa, kanitumbulia macho, na mimi nikatangaza kwa sauti kubwa: "Kampiga mguuni! Kampiga mguuni, atapona!" Kibanda kizima kikapiga kelele. Wengine walikuwa wameshaona mkanda ule mara kumi. Mtu akanirushia ganda la chungwa. Kwenye runinga Birju anamrudishia mama yake bangili huku anakata roho, maji ya mfereji yanageuka mekundu, na mimi bado nashikilia mguu.

Mdogo wangu akasubiri kelele zipungue. "Kaka," akasema, "mguu gani huo damu yake inajaza mfereji?" Akacheka hadi akashika mbavu. Kesho yake asubuhi akanifuata, anataka nirudishe mkanda aone mwenyewe alipopigwa. Nikamwambia deki imepata moto, tuiache ipoe.