Kiwiko cha mtoto: waya wa chuma au pini inayoyeyuka?

Wazazi wangu, wauguzi wenzangu, asanteni kwa kuja. Msimu wa maembe ukiingia hapa Mtwara, watoto wanahamia juu ya miti, na anayeanguka hutanguliza mkono. Kishindo chote hupokelewa na kiwiko.

Mfupa ukivunjika na vipande vikiachana, plasta peke yake haitoshi, lazima vishikwe. Waya wa Kirschner tunaoutumia ni chuma chembamba, unapenya mfupa kwa drili na kwenye eksirei unaonekana vizuri. Ncha yake ikiachwa nje ya ngozi, hutolewa kliniki kwa koleo, mara nyingi baada ya wiki 3 hadi 6, mtoto yuko macho. Kero yake ni kidonda cha pale unapotokea. Mtoto akiingia baharini na bandeji, usaha haukawii.

Ncha ikifukiwa chini ya ngozi, habari ni nyingine: mtoto atarudi kulazwa usingizi ili waya utolewe. Mzazi wa Newala au Tandahimba anatafuta nauli upya na kuacha shamba. Wengine hawarudi, na hilo linaniuma sana.

Hapo ndipo pini inayoyeyuka inapopata thamani. Hutengenezwa kwa polima, yaani aina ya plastiki, za asidi ya glikoliki au laktiki, nazo maji ya mwilini huzivunjavunja taratibu. Ile ya glikoliki hupungua nguvu ndani ya wiki chache, na kwa mtoto mfupa mara nyingi umeshaanza kuunga. Ile ya laktiki inaweza kukaa miaka.

Lakini si imara kama chuma. Lazima utoboe njia kwanza, ukiilazimisha inakatika. Kwenye eksirei haionekani, na baadhi ya wagonjwa huvimba na kutoa majimaji yasiyo na vijidudu, yakadhaniwa usaha. Unyevu huiharibu ingali kwenye pakiti, na pwani yetu mnaijua. Bei yake nayo iko juu.

Kwa hiyo, waya unaoweza kuachwa nje mimi nauchagua bila kusita. Pini inayoyeyuka ningeiweka pale ambapo chuma kingelazimika kufukiwa.

Mzazi, kabla hujasaini fomu ya ridhaa, muulize daktari: ncha itabaki nje au ndani? Itatolewa lini, wapi, na kwa gharama gani?